Wimbo Nilioimba Mama Akiniita

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilikuwa na ngoma mpaka majirani wakaja kulalamika. Ilikuwa katikati ya kipupwe. Wewe umekulia hapahapa Sumbawanga, unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ile inayomfanya mwalimu aandike ubaoni huku mkono mmoja uko mfukoni mwa koti. Siku hiyo mimi baridi sikuisikia. Nilikuwa msichana wa chuo, nimevaa gauni la kuazima, na mchana huohuo ningesimama mbele ya watu wa mji huu niwaimbie.

Juzi mlipokuja na wenzako kuniomba niwafundishe kuomboleza kwa ajili ya mchezo wenu wa nyimbo, niliwapa chai nikawaambia mrudi siku nyingine. Mkaondoka mnanong'onezana kwamba bibi ana maringo. Nilisikia; macho ndiyo yamechoka, masikio bado mazima. Nilisikia pia kwamba mnaigiza riwaya ileile tuliyoigiza sisi. Nikafunga mlango nikakaa kitandani. Leo umerudi peke yako, nami nimefurahi, maana neno hili ni jepesi kumwambia mmoja kuliko kuwaambia kumi. Kunywa chai, usikilize.

Riwaya yenyewe unaijua, kila aliyepita sekondari anaijua. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Gaudensi, alikipenda kitabu hicho kama wengine wanavyoipenda pombe ya ulezi. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba wanachuo tuigeuze iwe mchezo wa nyimbo, mwanzo hadi mwisho, kusema kidogo na kuimba kwingi. Nyimbo zilitungwa na Deogratias, kijana wa Chala, mpiga gitaa, mwenye maneno matamu na madaftari machafu. Waimbaji hawakutafutwa. Sisi Wafipa tumelelewa na kwaya. Ukimkanyaga Mfipa mguu atalia kwa sauti ya pili. Wengine walikuwa wameimba tangu utoto kule Kaengesa, wengine katika makanisa ya vigango vya mbali, na wote walijua kushika sauti zao bila kusukumwa.

Mimi nilipewa nafasi ya mama mjane. Katika kisa kile, mwanawe wa pekee anafia ugenini, na habari zinamkuta mama uani. Hapo ndipo linapoimbwa ombolezo, na Mwalimu Gaudensi alisema mchezo wote unasimama au unaanguka hapo. Deogratias alitunga maneno, lakini sauti yake haikunikaa mdomoni. Nikamwambia niachie. Nikachukua sauti ya mama yangu mzazi, ile aliyokuwa akiimba akipura ulezi kwetu Mwimbi, nikaipunguza mwendo. Mazoezini waliposikia kwa mara ya kwanza, Mwalimu Gaudensi akavua miwani akaifuta.

Mama yangu aliitwa Felista. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye mdomo, na jembe lake ndilo lililonisomesha. Likizo ya Pasaka nilimweleza kuhusu mchezo. Akacheka mpaka akakaa chini, kwamba nimekwenda chuo kusomea kilio. Kisha akaniahidi kuja. Alisema wakati wa mavuno malori ya mahindi hayakosekani, atapanda mojawapo, atakaa benchi la mbele, na kila atakayekaa karibu naye atamwambia huyo anayeimba ni mwanangu, hata kama hajaulizwa. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi ile mimi nilikuwa nikichungulia geti la chuo kila mara. Nilikuwa namngoja mama.

Kabla sijaendelea lazima nikukumbushe jambo unalolijua. Kwetu habari ya kifo haipelekwi ikiwa uchi. Hakuna mjumbe anayesimama mlangoni kwa mtu akasema, baba yako amekufa. Anasema, mzee haendelei vizuri, tunaomba uje nyumbani. Unapanda gari unajidanganya njia nzima, na ukifika ukaona watu wamekaa nje na moto umewashwa uwanjani, ndipo unapoanguka, lakini unaanguka mikononi mwa ndugu. Ni huruma hiyo. Wazee waliona si vema mtu apigwe na habari nzito akiwa peke yake barabarani. Desturi nzuri, nami sikuidharau wakati ule na siidharau leo.

Sasa sikia kilichotokea. Haya ya kwanza sikuyaona kwa macho, niliyapata baadaye kwa waliohusika, kila mmoja kwa kinywa chake.

Mchana, kama saa sita hivi, lori la mahindi kutoka Mwimbi lilimshusha mtu getini kwetu. Hakuwa mama. Alikuwa Mzee Oresti, jirani yetu, mtu wa makamo ya baba yangu, mpole kupita kiasi. Walimpeleka kwa Mwalimu Gaudensi, ambaye alikuwa ukumbini akipanga mabenchi pamoja na Deogratias. Mzee Oresti akavua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima kama tulivyofunzwa, ingawa wale wawili wangeweza kuwa watoto wake. Waliposalimiana akasema ametumwa na baba yake Yustina. Yustina ndiye mimi. Akasema mama yake Yustina ameshikwa na kichomi, ubavu unamchoma, homa haishuki, hali si nzuri. Anamwita mtoto. Lori linageuza saa nane, na dereva amekubali kumchukua.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, macho yakiangalia sakafu. Mzee Oresti siku zote alisema kwa sauti ya chini, macho yakiangalia sakafu; hata akikuuzia kuku alisema hivyo. Lakini wao hawakumjua.

Mwalimu Gaudensi alishusha pumzi. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Tumekuelewa."

"Ahsante, mwalimu," akajibu Mzee Oresti. Mtu akipewa pole ataijibuje? Mama alikuwa mgonjwa, pole ilistahili.

Wakamkalisha kivulini wakamletea chai. Kisha Deogratias akamvuta mwalimu pembeni. "Mwalimu, hapa hakuna kichomi," alisema. "Nani anamtuma mtu mzima na lori kutoka Mwimbi kwa sababu ya kichomi? Huyu mama ameshafariki."

"Najua," mwalimu akasema. "Mungu amlaze pema."

Mama yangu alikuwa hai, mwanangu. Saa ile ile wanamwombea pumziko, yeye alikuwa kitandani kwake Mwimbi amegeukia mlango, anamuuliza mdogo wake kama lori limerudi.

Wakaanza kushauriana, na mashauri yao yalikuwa ya watu wenye huruma, hilo nalisema hata leo ingawa kinywa kinakuwa kichungu. Walisema Yustina akiambiwa sasa atazimia na mchezo utakufa. Wageni wameshaanza kufika, padri yumo, wakubwa wa wilaya wako njiani, na hakuna mwingine anayejua sehemu ya mama mjane. Wakasema tena kwamba msichana kifungua mimba hazikiwi mama yake bila yeye kuwapo, hivyo maziko yatamsubiri. Mfu hana haraka. Basi aimbe, amalize, aambiwe kwa utaratibu na akina mama wa chuo, na alfajiri chuo kimpeleke kwa heshima, kwa Landrova, na wenzake wakamsindikize. Wakaona ni vema kuliko kumpakia mtoto aliyefiwa juu ya magunia matupu.

Wakamrudia Mzee Oresti wakamwambia atangulie, Yustina watamleta wenyewe.

Yule mzee akasimama, kofia mkononi. "Lakini mama anamngojea," akasema.

"Tutafika, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Akawatazama. Yeye ni mkulima, wao ni watu wa chuo, na amezungukwa na mabenchi na mapazia na vijana waliopakwa rangi usoni. Akavaa kofia yake, akapanda lori, akaenda. Mimi nilikuwa bweni la wasichana, umbali wa kutupa jiwe, Anjelina rafiki yangu ananisuka nywele. Lori nililisikia likipanda kilima. Nilidhani labda ndilo lililomleta mama.

Habari ikaenea chuo kizima kabla ya saa tisa, ikamfikia kila mtu isipokuwa mwenyewe. Nakuapia, sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa mchana ule. Mpishi aliniletea kipande cha samaki wa mgebuka kilichonona. Wasichana ambao hatukuwa tukisemeshana walikuja kunifunga mkanda. Anjelina alinifunga kilemba, machozi yakamdondoka mpaka mkononi kwangu. Nikamtania, "We, mjane ni mimi au wewe?" Akatoka mbio. Nikasema moyoni, hakika leo naimba, kama wenzangu wanalia kabla sijafungua mdomo.

Ukumbi ulijaa. Watu wengine walisimama madirishani na mablanketi mabegani. Nilipotoka jukwaani jambo la kwanza nililofanya ni kumtafuta mama kwenye benchi la mbele. Palikuwa na padri, wakubwa, na mama mmoja aliyevaa koti la kijani. Sikumwona. Nikajiambia atakuwa amekaa nyuma kwa haya, mkulima kati ya wakubwa, na nikaamua kuimba kwa nguvu ili huko nyuma nako afikiwe.

Ombolezo lilipofika kwaya nyuma yangu ilikatika. Sauti ya tatu ilizimika yote. Walikuwa wanalia, mwanangu, wanalia kweli, na watu ukumbini waliona kwaya inalia nao wakaanza. Yule mama wa koti la kijani alijifunika uso. Deogratias gitaa lilimshinda, akaliweka chini. Nikaimba peke yangu bila gitaa, kwa sauti ya mama yangu anayepura ulezi, na nikajisikia mkubwa. Sitakudanganya. Katika maisha yangu yote sijapata tena furaha ya namna ile. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka nikahisi jukwaa linatikisika, nami nikainama nikiwa natabasamu, na watu hamsini nyuma yangu wakinitazama mgongoni na wanadhani wanajua.

Jioni wakaniita chumba cha walimu. Niliona akina mama watatu wamejitanda kanga, nikaona kiti kimewekwa katikati, na miguu ikaelewa kabla ya kichwa. Mwalimu Gaudensi alisema kwa utaratibu, kama desturi inavyotaka. Mama yako alikuwa anaumwa. Mungu amempenda zaidi.

Nililia usiku ule kilio ambacho mchana nilikiigiza, na sitakieleza. Wasichana walikaa nami, rozari ikasaliwa, kanga nyeusi ikafungwa kichwani kwangu. Asubuhi hatukuondoka alfajiri kama walivyosema. Kulikuwa na mambo ya kununua sokoni, maana watu hawaendi msibani mikono mitupu: sukari, majani, mchele, mishumaa. Wakangoja duka lifunguliwe. Nani angewakimbiza? Wote tuliamini tunakwenda kwa mtu ambaye hasubiri chochote.

Tulifika Mwimbi jua limeshapanda. Unajua kwetu hakuna anayeingia msibani kimya. Ukikaribia uwanja unapaza sauti, ili wafiwa wajue wamepata wa kulia naye. Landrova iliposimama chini ya mteremko, Anjelina alianza, kwaya ikapokea, nami nikatangulia mbele nimeshikwa mikono huku na huku, napiga yowe la kumwita mama.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Ulezi umeanikwa juani na kuku wanafukuzwa na mtoto mdogo. Hakukuwa na moto, hakukuwa na watu waliokaa nje. Nilisikia mmoja nyuma yangu anauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hapana watu?" Lakini kilio kikishapandishwa hakishuki upesi, tukaingia nacho mpaka mlangoni.

Mama mdogo Roza, mdogo wake mama, alitoka ndani na bakuli la uji mkononi. "Nani kafa?" akauliza. Alitutazama mmoja mmoja, uso umembadilika. "Jamani, nani kafa?"

Niliwasukuma walionishika nikaingia ndani.

Mama alikuwa amelala ubavu, amegeukia mlango, macho yako wazi. Alikuwa amesikia yote. Kabla ya kunitazama uso alinitazama kichwa, akaiona kanga ya msiba. Niliivua, lakini alishaiona. Nikapiga magoti nikamshika, ana moto, yu hai, anapumua kwa shida. Midomo yake ikasogea. Niliinamisha sikio mpaka likagusa meno yake. Ilikuwa pumzi tu.

Mama mdogo Roza ndiye aliyeniambia mengine. Jana yake, tangu mchana, mama aliuliza, lori limerudi? Yustina yumo? Liliporudi magharibi bila mimi na Mzee Oresti akasema watanileta wenyewe, mama alisema basi nitamngoja. Akaomba wamwegemeze kwa mito asije akalala nikamkuta usingizini. Aliongea vizuri. Alikuwa na neno anataka kuniambia. Mama mdogo alimsihi, dada, niambie mimi nitamfikishia. Akakataa, akasema hilo ni la kumwambia mwenyewe. Kulipopambazuka ulimi ulifunga.

Alikata roho siku hiyohiyo jioni, kabla ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma hawajarudi zizini. Kijiji kikalia. Wale wenzangu waliokuja na sauti nne za kwaya walikaa ukutani hawana sauti hata moja, nami pia. Mchele wetu na mishumaa yetu vilikuwa tayari vimewekwa kibarazani. Mtoto mmoja aliuliza kama tulijua.

Neno lile silijui mpaka leo. Nimejaribu kulibuni miaka yote. Labda lilikuwa kubwa, labda alitaka tu kuniuliza kama wimbo ulikwenda vizuri. Linaniuma sasa kama lilivyoniuma siku ile, na wanaosema muda unaponya waje waniulize mimi.

Baada ya maziko, kabla Landrova haijaondoka, baba yangu mkubwa Lukasi aliwaita Mwalimu Gaudensi na Deogratias. Baba mwenyewe hakuwa na uwezo wa kusema. Tulikaa kwenye vigoda nyuma ya ghala. Baba mkubwa hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa akichonga mpini wa jembe, na aliendelea kuuchonga.

"Mwalimu," akasema, "Oresti alikuambia nini?"

"Aliniambia mama anaumwa, anamwita mtoto."

"Na wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia amefariki, mzee. Kwa desturi."

"Haya. Tuseme alikuwa amefariki kweli. Tuseme hukukosea. Habari ile ilikuwa ya nani?"

"Ya Yustina."

"Na nani aliikalia?"

Mwalimu akainama. Deogratias alikuwa analia waziwazi, kijana mrefu yule, kamasi zinamtoka.

"Hapo ndipo lilipo kosa lenu," akasema baba mkubwa. "Kukosea kusikia, kila mtu hukosea. Lakini hata angekuwa maiti, msiba una mwenyewe. Mlimnyang'anya mtoto msiba wake, mkaupeleka jukwaani, watu wakaulia na kuupigia makofi, mwenyewe yuko katikati anatabasamu. Tunaficha kifo ili mtu afike nyumbani salama. Ninyi mlikificha ili asifike."

Nikafikiri amemaliza. Nilifurahi hata, nilitaka awachape maneno mpaka wakome. Lakini akaweka mpini chini.

"Wala msidhani mmekosa peke yenu. Mimi na wazee wenzangu ndio tuliowafundisha. Tumeita kifo ugonjwa miaka yote, mpaka mtu akiumwa kweli hatuna neno la kumwitia watoto wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha vifo, na maradhi yametuumbua."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Wenzako walilia kabla hujaimba. Uliona?"

"Niliona, baba."

"Ukauliza?"

Nilisema hapana. Akataka kujua kwa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani ni sifa zangu. Hakunikemea. Alinipangusa vumbi la kaburi begani, akasema nisiwachukie hawa wawili, kwa kuwa chuki ina kazi nyingi na mshahara wake mdogo. Nilimtii nusu. Mwalimu Gaudensi nilimsamehe, akawa akija kumzuru baba kila mavuno mpaka mwalimu mwenyewe alipokufa. Deogratias aliacha gitaa. Alifundisha hesabu huko Nkasi, na tulipokutana sokoni, yeye alivuka upande wa pili nami nikamwacha avuke. Hilo ningelitengeneza, ningepewa nafasi, lakini naye ametangulia.

Basi wimbo nitakufundisha, mwanangu. Kesho njoo na wenzako, waje na madaftari. Sitaki ufe nami, ni wimbo wa kupuria ulezi, haukufanya kosa lolote. Ila kabla ya wimbo chukua haya.

Habari ya mtu mpe mtu. Usiipime, usiipikie, usingoje aoge na ale kwanza. Mjumbe akija chuoni kwenu, au simu ikiita kutoka Chala au kutoka Kalambo kwa wazazi wa mwenzako, na mwenzako yuko jukwaani amepakwa rangi, simamisha ngoma. Watu waliokaa kwenye mabenchi watanung'unika, watarudi makwao, watakula ugali wao. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa mchezo wa nyimbo. Ninyi wa siku hizi mna maneno yenu, "mambo, poa," kila kitu poa. Lakini nimeona mnashika simu ya mwenzenu na kuizima asisumbuliwe, mkidhani mmemtendea wema. Kuuliza si ujinga. Muulizeni mjumbe usoni: yu hai, au amekufa? Ni swali gumu, najua, tumelelewa kuliogopa. Mimi ningetoa meno yangu yote yaliyobaki, laiti siku ile Mwalimu Gaudensi angalimuuliza Mzee Oresti.

Na wewe ukiitwa, nenda. Usisome uso wa mjumbe, usihesabu kama umechelewa au hujachelewa. Ukiona watu wanakulilia, usijidai, waulize wanalilia nini. Panda lori, kaa juu ya magunia, fika na gauni la kuazima kama ndilo ulilonalo. Kumkuta mtu amekufa baada ya kukimbia ni huzuni. Kumkuta hana ulimi tena baada ya kungoja duka lifunguliwe, hilo halina jina.

Mimi wanangu nimeshawaagiza. Nikiumwa, waambieni wajukuu bibi anaumwa. Nikifa, waambieni bibi amekufa, kwa neno hilohilo. Wananiona mkali, wanasema naita mabaya. Waache waseme.

Sasa inua kichwa, usinililie mimi, mimi nimezeeka. Mungu wa mama yangu Felista akutunze barabarani na jukwaani. Siku utakapoitwa, uwe wa kwanza kuambiwa. Upate gari siku hiyohiyo, ufike na vumbi miguuni na kichwa wazi, na umkute yule anayekuita bado ana ulimi, akwambie lile alilokataa kuwaambia wengine wote. Na liwe neno dogo tu, la kukuchekesha. Amina.